Samaki Aliyefuata Jicho Lake

Mlango wa nyumba ya binti yangu una kitundu chenye kioo, kidogo kama punje ya hindi, cha kumchungulia anayebisha kabla hujamfungulia. Nilikuwa nimefika Mwanza kumsaidia na kichanga chake, na asubuhi moja mlango ukabishwa nikiwa peke yangu. Nikaweka jicho. Nje alisimama mama wa maziwa, mwanamke mwembamba ninayemfahamu vizuri, lakini ndani ya kile kioo pua yake ilikuwa imevimba kama kiazi, mabega yameteremka, miguu imenywea, na kuta za ngazi zimejikunja kumzunguka kama yuko ndani ya chungu. Sikufungua. Alibisha tena, akaita jina la binti yangu, akashuka akinung'unika. Mimi nimesimama palepale, mkono kwenye komeo, mtu mzima mwenye wajukuu. Siku ile sikuweza kukaa. Nilifua nguo zilizokwisha kufuliwa, nikapanga vyombo, nikavipangua. Binti yangu aliporudi akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nilimkumbuka baba yangu na lenzi yake.

Sisi ni Wahangaza wa Mugoma, kule Ngara, lakini baba alihamia Biharamulo kufuata kazi na mimi nikazaliwa Kaniha. Kazi yenyewe ilikuwa kumbebea vyombo Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza misitu. Mzungu huyo alikuwa analaza kamera chini ya miti, uso wake ukitazama juu, anapiga picha mbingu kupitia majani ili ajue mwanga kiasi gani unafika ardhini. Hivyo ndivyo baba alivyotueleza, na mama alikuwa anacheka kila mara: mtu mzima kavuka bahari kuja kupiga picha mapengo kati ya majani. Alipomaliza utafiti wake akamwachia baba ile kamera pamoja na lenzi mbili.

Ilikuwa kamera ya kubadilisha lenzi. Unabonyeza kidude pembeni, unazungusha kidogo, lenzi inakubakia mkononi na kamera inabaki na shimo. Kisha unapachika nyingine. Lenzi ya kwanza ilikuwa ya kawaida, ndiyo baba aliyopigia picha za harusi na za watoto wa kipaimara. Ya pili ilikaa kwenye mkebe wake wa ngozi wenye kitambaa chekundu ndani. Ilikuwa pana kuliko ngumi ya baba, na kioo chake kilitokeza mbele, kimevimba, kinametameta zambarau na kijani kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi. Mzungu alimwambia jina lake kwa lugha yao, naye baba akatuletea kwa Kiswahili: jicho la samaki.

Nilikuwa sijawahi kumwona samaki mzima. Samaki waliofika Kaniha walikuja wamekaushwa kwa moshi, wamefungwa nyuma ya baiskeli, na mahali pa macho palikuwa na mashimo tu. Nilichungulia yale mashimo nikapata jibu langu.

"Baba," nilimwuliza, "samaki mwenye jicho hili yuko wapi?"

Baba alikuwa anafuta kioo kwa kipande cha shashi. Alikuwa mtu wa utani, na utani wake aliutoa bila kucheka. "Alibaki ziwani."

"Anaona?"

"Ataona na nini? Amebaki kipofu, anapapasapapasa tu."

Akaendelea kufuta. Kwake maneno yaliishia hapo. Mimi nililala na samaki mkubwa kuliko nyumba, anayepapasa ukingo wa ziwa kwa pua yake, anatafuta.

Tukiwa bado Kaniha, baba alipachika jicho la samaki akapiga picha boma letu lote. Picha iliporudi ilikuwa duara katikati ya weusi, na ndani ya duara kila kitu kilikuwemo: nyumba, migomba, zizi, kichuguu, hata mti tulioutundikia mizinga ya nyuki, uliokuwa mbali nyuma ya choo. Vyote vimejikunja kuelekeana. Mama aliishika kwa ncha za vidole.

"Kwa nini umeikunja nyumba yangu?"

"Sikuikunja. Lenzi inachukua kila kitu, ili kila kitu kienee lazima kijikunje."

Mimi niliona tumbo. Nilijua weusi ule ulikuwa tumbo la samaki, na nyumba yetu imo ndani. Na kweli, msimu haukuisha, mgambo wakaja na amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, kule chini kando ya barabara kuu. Waling'oa nyasi za paa mama akiwa bado anatoa vyungu. Tulipakiwa kwenye lori pamoja na mbuzi. Mama alikuwa anatazama nyuma, mimi natazama upande wa ziwa.

"Mama, tunamkimbia samaki?"

"Tunahamishwa," mama akasema. "Nyamaza."

Kule chini tulipewa kiwanja katika mstari, na mvua ikatukuta hatujaezeka. Maji yaliingia kwenye sanduku la baba, yakaharibu picha zetu zote za zamani. Baada ya muda ndani ya lenzi ya kawaida kukaota ukungu, utando kama wa buibui ambao huwezi kuufuta kwa sababu uko katikati ya vioo. Picha zote zikawa kama zimepigwa ndani ya moshi, na wateja wakaacha kuja. Jicho la samaki, kwenye mkebe wake wa ngozi, halikuguswa na hata tone. Nami nikaona hilo pia ni ushahidi.

Sasa nimtaje kaka yangu. Deo alikuwa mtoto wa kwanza na mimi wa mwisho, na kati yetu mama alizika wawili. Alikuwa kijana asiyekaa. Alikula amesimama, akiketi goti lake linatikisika mpaka kikombe kinaruka mezani, na akitumwa dukani alikimbia hata kama hakuna haraka. Alikwisha pata mafunzo ya mgambo na alijivunia viatu alivyopewa. Nilimpenda kuliko wote pale nyumbani, kwa sababu yeye alikuwa anajibu maswali yangu kama maswali ya mtu mzima.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na redio, na jioni watu walijazana uani kwake. Ndipo niliposikia kwamba nduli amevuka mto Kagera, ameingia nchini, anaharibu kila anachokikuta. Watu wazima walishika vichwa. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka lile neno lilivyotamkwa. Hakuna aliyenieleza kwamba nduli ni mtu, mtawala wa nchi jirani. Mimi nilijua neno hilo ni la kiumbe. Kesho yake shuleni nikamwuliza mwalimu mto Kagera unakwenda wapi.

"Unaingia ziwani," mwalimu akasema, akafurahi kwamba nimeuliza.

Basi. Maji ni yaleyale. Samaki alikuwa ametoka ziwani, amepanda mto, na sasa yuko nchi kavu anafuata jicho lake. Vita vyote vile, malori yote yaliyoanza kupita mbele ya nyumba yetu yakielekea Bukoba na vumbi lililotanda juu ya mihogo ya kila mtu, chanzo chake kilikuwa kwenye mkebe wa ngozi chini ya kitanda cha baba. Nilianza kukojoa kitandani tena. Mama alinipeleka kwa mganga wa zahanati, akanipa vidonge vya minyoo.

Deo alipoitwa vitani, alikuja nyumbani anaruka. Mama alikaa chini kwenye udongo.

Asubuhi ya kuondoka malori yalipangwa kando ya uwanja wa shule, na kijiji kizima kilikuwa pale. Baba alikuja na kamera shingoni, na mbele yake nikaliona limepachikwa: jicho. Hakuwa na lenzi nyingine ya kufaa, na hakutaka mwanawe aende bila picha.

"Sogea," baba alimwambia Deo. "Sogea tena. Kwa hii ukisimama mbali unakuwa sisimizi."

"Nikisogea zaidi tutagongana vichwa, mzee."

Nilimvuta Deo shati. "Kaka, lichukue."

"Nichukue nini?"

"Jicho. Ukifika umpe. Akilipata atarudi kwake."

"Nani huyo?"

"Nduli."

Deo alichuchumaa mbele yangu. Hakucheka. "Nani kakwambia nduli anatafuta jicho?"

"Baba. Alisema amebaki kipofu ziwani, anapapasa."

Deo akamtazama baba, na baba akatazama viatu vyake. Nadhani hapo ndipo alipoukumbuka utani wake. Lakini honi zilikuwa zinalia, na hapakuwa na muda wa kunieleza mambo ya nchi.

"Sikiliza, mdogo wangu," Deo akasema. "Siwezi kubeba kitu cha baba bila kujua kama huyo nduli mwenyewe bado anakitaka. Nitamwuliza kwanza. Akisema anakitaka, nitarudi kukichukua mwenyewe. Sawa?"

"Sawa."

"Haya, njoo tusimame wote."

Akasimama, akaninyooshea mkono. Baba aliinua kamera. Lile jicho likanigeukia, na ndani yake nikajiona, mdogo, nimekunjika, na mbingu yote juu yangu. Sikuweza. Nilikimbia kuelekea kwenye malori, na nyuma yangu nikasikia kamera imelia.

Niliposimama kugeuka, askari kijana alikuwa amemshika baba kola.

"Umepiga magari ya jeshi!"

"Nimempiga mwanangu. Yule pale, anapanda."

"Kamera ilielekea wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Na magari nyuma yake hayamo?"

Mtu mwingine angesema hayamo. Baba yangu alikuwa fundi, akajibu kifundi: "Yamo. Lenzi hii inachukua kila kitu."

Walimwondoa palepale. Deo alikwisha kaa kwenye lori na lori limeanza kutembea. Alimwona baba anasukumwa, akasimama, akatupa mguu mmoja nje ya ubao wa nyuma. Wenzake walimdaka kiunoni. Ndivyo nilivyomwona mwisho: mguu mmoja ndani, mmoja nje, anapiga kelele ambazo hatukuzisikia kwa ngurumo, na wale wanamvuta ndani mpaka vumbi likafunga.

Baba alilazwa mahabusu bomani, Biharamulo mjini. Mama alitembea kwenda kila siku na chakula, na mara nyingine alirudi nacho vilevile. Majirani waliacha kuja kuomba moto. Balozi alipita akasimama mbali kidogo na mlango wetu, mtu mzuri aliyekuwa anaogopa.

"Mama Deo, wanasema ile kamera si ya kawaida. Wanasema ina jicho la kijasusi."

"Balozi, ulipigwa nayo picha siku ya harusi yako."

"Siyo na lile jicho, mama. Siyo na lile."

Mama alizunguka nyumba, akafagia, akazunguka tena. Tulikuwa hatujui usiku Deo yuko wapi wala mchana baba atafanywa nini, na kila lori lililopunguza mwendo lilimtoa mama jikoni mikono ina unga.

Mwishowe ofisa mmoja wa jeshi aliamua filamu isafishwe, aone mwenyewe. Misheni ilikuwa na jenereta na chumba cha giza cha padri, ambamo baba aliwahi kusafishia picha zake zamani, na hakuna mwingine mjini aliyeiweza kazi hiyo. Basi wakampeleka baba kusafisha ushahidi wake mwenyewe. Tuliruhusiwa kungoja barazani. Harufu ya dawa ilipita chini ya mlango, kali kama siki. Mama alikuwa anavuta rozari bila kutamka neno.

Ofisa alitoka na picha ikidondosha maji. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Tukamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Huyu mtoto anayekimbia ni nani?"

Akaiinamisha tuione. Katikati alikuwa Deo, karibu sana, pua imevimba, mkono wake ulionyooshwa mrefu kama mti ulioanguka. Ukingoni mwa duara malori yamejikunja kama mkufu, na kati ya malori na Deo kuna kitoto kimepinda mgongo, miguu juu.

"Ni mimi," nikasema.

"Ulikuwa unakimbia nini?"

Mama alinibana bega, lakini nilikwisha ngoja muda mrefu mno nimpate mtu mwenye uwezo. Nikamwambia yote. Samaki, ziwa, mto, nyumba yetu iliyomezwa, jicho chini ya kitanda. "Mpe tu jicho lake aende," nikamwambia. "Kaka atarudi."

"Msamehe, afande," mama akasema. "Ni mtoto."

Baba alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya ofisa, mikono imelowa. Kisha yule ofisa akafanya jambo ambalo nimelifikiria maisha yangu yote. Hakucheka wala hakunikemea. Alisema, "Nitalichukua mimi."

Aliomba mkasi kwa padri. Akakata picha kumzunguka Deo, akaacha kipande cha ukubwa wa kiganja. Malori na mimi tukaanguka chini pamoja. Filamu yenyewe aliichoma pale kwenye ngazi kwa kiberiti, ikajikunja ikanuka. Akampa mama kile kipande. "Huyu ni wenu. Mengine ni ya serikali." Kamera akamrudishia baba. Lenzi akaifunga kwa leso yake akaitia mfukoni, na kutuambia itakaa kwake mpaka vita viishe.

Tulirudi kwa miguu watu watatu, wawili wamechoka hata kusema, na mimi mbele yao narukaruka. Kwa mara ya kwanza tangu redio ilipotaja mto, sikuwa na hofu. Jicho lilikuwa njiani.

Miezi iliyofuata mama hakutulia, baba hakutulia, kijiji kizima hakikutulia, mimi peke yangu nilikuwa naungoja ushindi kama mtu anayengoja sikukuu. Na ulikuja. Redio ya balozi ilisema nduli amekimbia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka wakakohoa. Niliwaambia watoto wenzangu kisa chote cha jicho, nikaheshimiwa. Malori yalianza kurudi, tukasimama barabarani na matawi, tukipunga kila lori. Nilikuwa natafuta mtu aliyesimama wakati wenzake wameketi.

Deo hakuwemo kwenye la kwanza wala kwenye yaliyofuata. Matawi yalikauka. Halafu siku moja mchana akaja kijana wa Nyarubungo aliyekuwa vitani pamoja na Deo, akavua kofia kabla hajafika mlangoni, na mama akapiga ukelele kabla hajasema. Nilitumwa maji. Sikuenda. Nilisimama nyuma ya ukuta nikasikia kwamba wamemzika hukohuko, chini ya mti, na kwamba hakuteseka, maneno ambayo sasa najua huambiwa kila mama.

Niliingia na ndoo tupu. Nikauliza, "Kwani hakupewa jicho?"

Yule kijana hakuelewa. Baba aliinuka akatoka nje. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikamwona anatembea uani akigeuka kila afikapo kwenye mihogo, anakwenda, anarudi, na hapo, kwa kumtazama tu mgongo, nikajua kwamba hapajawahi kuwa na samaki. Hakuna aliyenieleza. Baba hakuwahi kwenda kuidai ile lenzi, na kamera ilibaki na shimo lake mpaka mchwa wakala ngozi.

Kile kipande cha picha ndicho pekee tulichobaki nacho cha Deo. Mama alikitundika chini ya msalaba, na hakuwahi kupatana nacho. Wageni wa matanga walipokitazama alikuwa anaiziba ile pua ya pichani kwa kidole gumba. "Msiitazame hii. Huyu siye. Mwanangu alikuwa na uso mzuri." Kila aliyemfahamu Deo alilazimishwa kusema alivyokuwa: masikio je, paji la uso je. Kwa miaka mingi uso wake ulitengenezwa upya nyumbani kwetu kwa maneno.

Lakini waliomfahamu walikwisha mmoja mmoja. Baba alifariki. Mama akazeeka, akapoteza vitu vingi kichwani, na nilipompelekea binti yangu, akiwa bado msichana, mtoto akatangulia ndani, nami nikamkuta mama amemkalisha chini ya msalaba anamwonyesha picha.

"Huyu ndiye mjomba wako," mama alikuwa anasema kwa furaha. "Alikuwa na pua kubwa hivi. Na mkono mrefu, angeweza kukushika kutoka kule."

Nilisimama mlangoni na mizigo yangu. Nilitaka kunyamaza, maana alikuwa ametulia, na nilikuwa sijamwona ametulia tangu nikiwa mtoto. Nikashindwa.

"Mama, hakuwa hivyo."

"Alikuwaje?"

Nikafungua mdomo, na sikumpata. Nilitafuta kichwani nikapata goti linalotikisika, viatu, sauti inayosema sikiliza, mdogo wangu; uso, hapana. Mama alinisubiri. Kisha akaweka picha mapajani, akaniita kwa mkono nikae mbele yake, akanishika kidevu kwa vidole vyake vikavu.

"Baba yenu alikuwa anasema wewe na Deo mmefanana," alisema. "Geukia kwenye mwanga."

Nikageukia dirishani, nikamwacha anitazame.